Wilaya ya Babu, Shule ya Mjukuu

Serikali ya Uganda hulipia masomo ya wanafunzi wapya wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vyake vya umma. Nafasi hizo ndizo zinazogombewa kuliko zote, maana anayezikosa hana budi kujilipia, na ada ya uhandisi au udaktari haipatikani kwa kuuza mbuzi wawili. Kwa mpango ulioanza mwaka wa masomo 2005/2006, nafasi 3,000 hutolewa kwa ushindani wa kitaifa, yaani kwa pointi tu. Elfu moja zilizobaki zimegawanywa hivi: 896 kwa mgawo wa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo.

Hizo 896 ndizo tunazotaka kuzikagua. Ni mfano mzuri wa jinsi sera yenye nia njema inavyoweza kupotelea kwenye mstari mmoja wa fomu. Ila huwezi kuuelewa mgawo wa wilaya bila kwanza kuelewa pointi za Chuo Kikuu cha Makerere zinavyopikwa, kwa hiyo tuanzie huko.

Mwombaji aliyemaliza kidato cha sita huja na madaraja ya masomo yake matatu makuu. A ina thamani ya 6, B 5, C 4, D 3, E 2 na O 1. Kisha kila kozi hutaja masomo yake ya lazima, ambayo huzidishwa kwa 3, masomo husika yanayozidishwa kwa 2, na masomo ya nyongeza yanayohesabiwa mara 1. Kwa uhandisi, Hisabati na Fizikia ndiyo ya lazima, na Kemia kwa kawaida huingia kama somo husika. General Paper, yaani somo la maarifa ya jumla, na somo dogo la kompyuta huleta pointi moja moja kwa aliyefaulu. Juu ya hapo huongezwa matokeo ya UCE, mtihani wa kidato cha nne: 0.3 kwa kila somo la daraja la juu kabisa, 0.2 kwa daraja la kati na 0.1 kwa ufaulu wa chini. Mwishoni kabisa, ikiwa mwombaji ni msichana, huongezwa 1.5.

Tuchukue mwanafunzi wa uhandisi mwenye B ya Hisabati, B ya Fizikia na C ya Kemia. Hisabati inampa 15, Fizikia 15, Kemia 8, General Paper 1, kompyuta 1. Kidato cha nne alipata masomo matano ya daraja la juu na matatu ya kati, jumla 2.1. Ana 42.1. Akiwa msichana ana 43.6.

Angalia sasa uzito wa ile 1.5. Mvulana yuleyule angepata A ya Fizikia badala ya B, angepanda pointi 3 nzima na kufika 45.1. Kwa hiyo nyongeza ya msichana ni sawa na nusu ya daraja moja katika somo la lazima, au robo tatu ya daraja katika somo husika. Ni sawasawa pia na masomo matano ya daraja la juu ya kidato cha nne. Anayedhani kwamba msichana "anaingizwa bure" hajawahi kukaa na kalamu akapiga hesabu hii. Inamsaidia aliye mlangoni, aliyebakisha kidogo sana. Aliye mbali na mlango haimfikishi.

Nyongeza hiyo ilianza Makerere mwaka wa masomo 1990/1991, wakati wasichana walikuwa takriban robo tu ya wanafunzi. Chuo chenyewe kilifunguliwa 1922, na wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, waliingia 1945. Kaulimbiu ya chuo hadi hapo ilikuwa ikiwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Baada ya 1990 sehemu ya wasichana ilipanda mwaka hadi mwaka, lakini haikupanda sawa kila mahali. Katika sanaa, elimu na sayansi za jamii, waombaji hubanana: mamia wana pointi zinazokaribiana sana, na tofauti ya 1.5 inaweza kumrusha mtu juu ya wenzake wengi. Katika uhandisi, wasichana waliofika kwenye foleni walikuwa wachache tangu mwanzo. Huwezi kumwongezea pointi mtu ambaye hakuwahi kuomba. Uamuzi wa kutokuwa mhandisi ulifanyika alipokuwa kidato cha nne, shule ikiwa haina maabara, au pale alipochagua tahasusi ya kidato cha tano na mwalimu akamwambia Fizikia ngumu, achukue Historia.

Watafiti waliochunguza walionufaika na 1.5 walikuta jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote anayeijua nchi hiyo: wengi walitoka familia zenye uwezo na shule za bweni zenye majina, hasa za eneo la kati. Binti wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa Kemia na binti wa shule yenye maabara tatu wote huongezewa 1.5 ileile. Wakiwa wawili wamebakisha pointi moja, wote huingia. Ila ni yupi kati yao ambaye mara nyingi hubakisha pointi moja? Mwingine hubakisha kumi na tano. Kwa sababu hiyo ndiyo Makerere ilipopata fedha za shirika la Carnegie la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanzisha ufadhili wa wasichana uliolenga wale wasio na uwezo: pointi peke yake zilikuwa zimeshafika mwisho wa kazi yake.

Mgawo wa wilaya, basi, ulitakiwa kufanya kile ambacho 1.5 haikuweza: kuwafikia watoto wa Karamoja, wa kaskazini iliyotoka vitani, wa milimani na visiwani. Nafasi 896 hugawiwa wilaya kwa kuangalia idadi ya watu. Uganda sasa ina wilaya zaidi ya 130, kwa hiyo kwa wastani kila moja hupata chini ya nafasi saba. Kadiri wilaya zinavyozaliwa, na zimezaliwa nyingi tangu 2005, ndivyo kipande kinavyozidi kuwa chembamba, maana jumla ya 896 haitanuki pamoja nazo. Nafasi hizo tena husambazwa kwenye vyuo kadhaa: Makerere, Kyambogo, Mbarara, Gulu, Busitema na vingine. Mtoto anaweza kushinda nafasi ya wilaya yake na bado akajikuta kwenye kozi ambayo hakuifikiria hata siku moja.

Hayo yanavumilika. Kasoro kubwa iko kwenye mpangilio wa hatua.

Kwanza huchaguliwa wale 3,000 wa ushindani wa kitaifa. Wakishatoka, waliobaki hupangwa upya, safari hii wilaya kwa wilaya, kwa pointi zilezile, kutoka juu kwenda chini. Wilaya yenye nafasi sita huchukua sita wa kwanza kwenye orodha yake. Sasa jiulize ni nani wanaokaa juu ya orodha ya wilaya ya mbali baada ya washindi wa kitaifa kuondolewa. Ni wale waliokosa ushindani wa kitaifa kwa pointi mbili tatu, na wengi wa hao wamesomea Wakiso, Mukono au Kampala. Wilaya waliyoiandika kwenye fomu ni ile ya asili: alikozaliwa babu, lilipo kaburi la ukoo, ambako familia huenda Krismasi. Mtoto aliyesomea katika wilaya hiyohiyo, aliyepanda hadi wa kwanza katika shule yake ya sekondari yenye paa linalovuja, anakuwa wa kumi na mbili kwenye orodha ya wilaya yake mwenyewe. Nafasi ni sita.

Hakuna aliyedanganya hapo, na ndiyo maana kelele za "wizi wa nafasi" mara nyingi hupotosha mjadala. Udanganyifu upo pia, bila shaka: mtu huandika wilaya asiyo na uhusiano nayo kwa sababu amesikia ina ushindani mdogo, kisha hutafuta barua ya mwenyekiti wa kijiji. Viongozi wa wilaya hupelekewa orodha kuhakiki, na wakati mwingine hulalamika kwamba hawayatambui majina. Lakini hata ukiwakamata wadanganyifu wote, orodha haitabadilika sana, kwa sababu kanuni yenyewe inauliza asili. Mtoto wa waziri aliyezaliwa Kampala, akasoma Kampala tangu chekechea, ana asili kamili na halali. Barua yake ya kijiji itakuwa ya kweli neno kwa neno.

Linganisha na Texas, Marekani, ambako walifika kwenye tatizo linalofanana kwa njia nyingine. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Hopwood, ilivizuia vyuo vya jimbo hilo kuangalia rangi ya mwombaji. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria fupi: kila mwanafunzi anayemaliza katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake, katika shule yoyote ya sekondari ya Texas, ana haki ya kuingia chuo kikuu cha umma cha jimbo. Haijalishi shule ni ya kitongoji cha matajiri cha Dallas au ya mji wa mpakani kwenye bonde la Rio Grande. Kwa kuwa shule za Texas zimetenganishwa kimakazi, asilimia 10 ya kila shule huleta mchanganyiko bila mtu kuulizwa rangi wala kabila. Swali ni moja: ulisomea wapi, na kati ya wenzako ulikuwa wa ngapi?

Isidhaniwe kwamba sheria hiyo haina matatizo. Kufikia 2008, wanafunzi wapya wanane kati ya kila kumi wa Texas waliojiunga na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin walikuwa wameingia kwa sheria hiyo moja, na chuo kikalalamika kwamba hakina nafasi ya kuchagua mwanamuziki au mgunduzi aliye wa kumi na tano katika shule ngumu. Mwaka 2009 bunge liliweka kikomo: Austin inaweza kufunga mlango wa moja kwa moja ukijaza asilimia 75 ya nafasi za wakazi. Kwa sababu hiyo asilimia 10 ya zamani pale Austin imekuwa 6 kwa miaka kadhaa, na 5 kuanzia wanaoingia 2026. Tena sheria inakuhakikishia chuo tu, kozi unaigombania. Aliye wa kwanza shuleni kwake anaweza kuingia Austin na bado akakataliwa uhandisi au biashara. Wapo pia wazazi waliowahamishia watoto wao shule zenye ushindani mdogo ili wapande nafasi darasani.

Hilo la mwisho ndilo hutajwa sana na wapinzani, na sisi tunaliona ni hoja dhaifu kuliko inavyosikika. Mzazi mwenye uwezo akimpeleka mtoto shule ya kawaida, shule hiyo imepata mzazi mwenye sauti, anayeuliza kwa nini hakuna mwalimu wa Hisabati. Mgawo wa asili haumlazimishi hata kuijua njia ya kwenda huko.

Jambo jingine ambalo Texas walilifanya sawa, na ambalo husahaulika, ni kwamba sheria haikuachwa peke yake. Chuo cha Austin kilianzisha ufadhili kwa wahitimu wa shule ambazo hapo awali hazikuwa zikipeleka watu, na maofisa wake wakaenda shuleni kwa miguu yao kueleza fomu zinajazwaje. Haki ya kuingia isiyojulikana na mwenye nayo haina kazi.

Kabla ya Texas kuonekana malaika, tukumbuke mazingira ya kisheria. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na mfumo wa pointi kama wa Makerere: mizani ya 150, ambapo 100 zilitosha kuingia, na waombaji wa jamii zenye uwakilishi mdogo waliongezewa 20 moja kwa moja. Alama kamili za SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo, zilileta 12 tu. Mahakama Kuu ya Marekani ikaufuta mfumo huo mwaka 2003, katika kesi ya Gratz, kwa sababu ulikuwa wa kimashine mno. Tarehe 29 Juni 2023 mahakama hiyohiyo, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ilifunga karibu kabisa mlango wa kuangalia rangi, ikiacha tu mwombaji aeleze mwenyewe jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Upendeleo kwa watoto wa waliowahi kusoma chuoni haukuguswa na hukumu hiyo. Uganda iko upande wa pili kabisa. Katiba yake ya 1995, ibara ya 32 na 33, inaiagiza serikali ichukue hatua za kuwainua walioachwa nyuma, na wanawake wametajwa kwa jina. Kwa hiyo swali la Kampala si kama kuongeza pointi kunaruhusiwa. Swali ni kama pointi zinamfikia aliyekusudiwa.

Kenya nayo ina somo lake, na limefichwa ndani ya hesabu. KUCCPS, bodi iliyochukua kazi ya kupanga wanafunzi baada ya sheria ya vyuo vikuu ya 2012, hutumia pointi za kundi la masomo. Kwa kanuni inayofahamika, unachukua jumla ya masomo manne yanayohitajika na kozi, unaigawa kwa 48. Unaizidisha na jumla ya masomo saba ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, iliyogawanywa kwa 84. Unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha kwa 48. Mwanafunzi mwenye 46 katika masomo manne ya uhandisi na jumla ya 70 anapata takriban 42.9. Mwenzake mwenye 42 katika masomo manne na jumla ya 78 anapata takriban 43.3, na huyo ndiye anayetangulia. Wa kwanza ni bora waziwazi katika masomo ambayo mhandisi anayahitaji. Alichokosa ni masomo mengine matatu, ambayo pengine shule yake haikuwa na walimu wake, au walimu wa muda waliondoka katikati ya muhula.

Mtu anaweza kutetea kanuni hiyo kwamba inapenda mwanafunzi aliyekamilika. Sawa. Lakini ukamilifu katika masomo saba unategemea mno ukamilifu wa orodha ya walimu, na shule zenye orodha kamili zinajulikana. Hakuna aliyekaa akasema tuwapendelee waliosoma shule kubwa. Kipeuo cha pili kimefanya kazi hiyo kimyakimya. Katiba ya Kenya ya 2010 pia inaagiza hatua za makusudi kwa jamii zilizotengwa, na hatua hizo zipo kwenye upangaji. Zinakuja lakini baada ya kanuni hii kuwa imeshawapanga watu.

Tanzania ilipita njia tofauti. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule, afanye kazi kwanza na apendekezwe na mahali pake pa kazi. Lilikusudiwa kuondoa tabaka la wasomi wasiojua jasho. Likawaondoa wanawake kwanza: miaka miwili ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na idadi yao ilishuka haraka hivi kwamba baada ya muda mfupi waliruhusiwa kuingia moja kwa moja. Baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijaribu jambo ambalo kwa maoni yetu ni bora kuliko pointi za bure: mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa kidogo viwango vya sayansi na uhandisi. Wanaitwa chuoni kabla ya mwaka kuanza, wanafundishwa Hisabati, Fizikia na Kemia kwa wiki kadhaa, wanapimwa, na wanaofaulu wanaingia. Tofauti na 1.5 ni kwamba anayeingia amejazwa pengo lenyewe, na mhadhiri wa mwaka wa kwanza hamkuti akiwa nyuma kwa mada zilezile ambazo shule yake haikufundisha. Udhaifu wake ni gharama: vitanda, chakula, walimu. Fedha za wafadhili zikipungua, darasa hupungua.

Siku hizi Tanzania mlango wa chini ni mpana: ufaulu wa masomo makuu mawili wenye jumla ya pointi 4.0, kwa mizani ya A 5 hadi E 1. Ushindani wa kweli uko kwenye kozi chache. Tangu 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni badala ya kupitia mfumo wa pamoja wa TCU, tume ya vyuo vikuu, na aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, ndani ya muda uliowekwa. Hapo ndipo wengine huanguka wakiwa wameshashinda. Simu ni ya mjomba, mjomba yuko safarini, dirisha limefungwa. Kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, yatima lazima cheti cha kifo cha mzazi kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa walio huko. Mzazi aliyezikwa kijijini bila cheti bado yu hai kwenye mfumo. Anayetaka kujua kama udahili ni wa haki asiishie kusoma vigezo. Aende ahesabu waliochaguliwa ambao hawakuripoti, na aulize kwa nini.

Turudi kwenye 896, maana huko kuna jambo linaloweza kurekebishwa bila shilingi ya ziada.

Kila mtahiniwa wa Uganda anapofika kidato cha sita ameshafanya mitihani mitatu ya taifa chini ya baraza moja, UNEB: PLE mwisho wa darasa la saba, UCE ya kidato cha nne, na UACE ya kidato cha sita. Kila mtihani una namba ya mtahiniwa, na namba hiyo hubeba namba ya kituo, na kituo kina wilaya. Ni taarifa ambayo serikali inayo tayari, haihitaji barua ya mwenyekiti wala mhuri wa mtu yeyote. Tunapendekeza mgawo wa wilaya uwe wa yule aliyefanya angalau miwili kati ya mitihani hiyo mitatu ndani ya wilaya husika.

Kwa nini miwili, kwa nini isiwe yote? Kwa sababu wilaya nyingi hazina shule ya kidato cha tano yenye maabara. Mtoto mwenye akili wa Kotido, huko Karamoja, akipata ufadhili wa kumalizia Mbale au Kampala asiadhibiwe. PLE na UCE yake ziko nyumbani. Ukidai mtihani wa mwisho peke yake, unamwondoa huyo na kumkaribisha mhamiaji wa dakika za mwisho, anayesajiliwa kijijini kufanya mtihani tu huku akiwa amesomea mjini. Kuhamisha mitihani miwili kunamaanisha kuhamisha maisha ya mtoto kwa miaka kadhaa, na wachache watakuwa tayari.

Yako matatizo. Watoto wa askari, wa walimu wanaohamishwa na wa waliokimbia vita wanaweza kuwa na mitihani mitatu katika wilaya tatu. Hao wapewe wilaya ya PLE, maana huko ndiko walikojifunzia kusoma, na wasamehewe sharti la pili kwa ushahidi wa uhamisho wa mzazi. Wilaya iliyogawanywa baada ya mtoto kufanya PLE ihesabiwe kwa mipaka ya sasa ya kituo cha mtihani, si kwa jina la zamani. Wilaya zitakazokosa watahiniwa wa kutosha wenye sifa za chini za kozi, nafasi zao zisirudishwe kwenye kapu la kitaifa kimyakimya. Ziende kwa wilaya jirani, na orodha ichapishwe.

Wapo wanaosema waliochaguliwa hivyo watakuwa na pointi za chini na watafeli. Pointi zitashuka, ni kweli, tena kwa baadhi ya wilaya zitashuka sana. Kwa hiyo kozi za sayansi zinahitaji yale mafunzo ya awali ya mtindo wa Dar es Salaam kabla ya muhula wa kwanza, na sharti la ufaulu wa chini kwa somo la lazima lisilegezwe. Mtu mwenye E ya Hisabati asipelekwe uhandisi kwa jina la haki. Apewe kozi nyingine, au mwaka mmoja.

Kuhusu 1.5, tusingeifuta. Tungeiacha kwenye kozi ambazo wasichana bado ni wachache, na kwingine tungeipima upya kwa shule: nyongeza itegemee umbali kati ya pointi za mwombaji na wastani wa shule yake. Tahadhari moja ya kiufundi hapo. Shule yenye watahiniwa wanane wastani wake huyumba kwa sababu ya mtu mmoja, kwa hiyo wastani uchukuliwe wa miaka mitatu, na shule zenye watahiniwa wachache sana ziunganishwe na nyingine za wilaya hiyo.

Lini ianze? Desturi ni kutangaza kanuni mapema ili wazazi wajiandae. Kwa mgawo wa wilaya, kujiandaa ndiyo kutafuta mwanya. Mitihani ambayo mwombaji wa mwaka huu aliifanya darasa la saba na kidato cha nne haiwezi tena kuhamishwa na mtu yeyote. Kanuni ikianza na orodha ijayo, itawakuta watu walipokuwa kweli. Watakaokwenda mahakamani kudai walitarajia nafasi kwa wilaya ya babu watakuwepo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Ila itabidi kwanza waeleze mbele ya jaji ni shule ipi ya wilaya hiyo waliyowahi kuikanyaga.